Sura ya Sita: Unix Kwenye Mashine ya Mishahara

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500. Nembo ilikuwa ya Kiingereza lakini utumbo ulikuwa wa Kimarekani: kampuni ya RCA iliiunda kwa jina la RCA 301, nao Waingereza wa ICT wakaibandika jina lao na kuiuza kama yao. Baadaye zikaja mashine za mfululizo wa 1900 za ICL, kampuni iliyozaliwa mwaka 1968 baada ya ICT kuungana na wenzake. Hadi mwaka 1974 kompyuta za nchi nzima hazikufika kumi, na mwaka huohuo Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, pamoja na seti za televisheni.

Marufuku hiyo husimuliwa kama kichekesho, eti Wadanganyika waliogopa mitambo. Sikubaliani na simulizi hiyo. Waliofuatilia historia hii wanataja mradi wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta pale Wizarani, mradi uliokwenda mrama na kumeza fedha za kigeni wakati nchi haikuwa nazo za kuchezea. Dawa waliyoitoa ilikuwa kali kupita ugonjwa, na ilituchelewesha. Ugonjwa wenyewe, hata hivyo, ulikuwepo, na kuuelewa kunasaidia kuelewa kwa nini, maelfu ya kilomita kutoka hapa, watu waliosomea kompyuta na waliokuwa na fedha za kutosha walihangaika miaka ishirini na zaidi kuendesha mfumo endeshi wa Unix juu ya mashine za aina hiyohiyo.

Mashine hizo wenyewe huziita meinfremu. Ni kompyuta za chumba kizima, zenye kiyoyozi chao na waendeshaji wao wa zamu, zilizobuniwa kwa kazi inayokuja kwa mkupuo. Mishahara ni mfano wake bora. Taarifa zinakusanywa mwezi mzima, zinatobolewa kwenye kadi ngumu zenye safu wima 80, kadi zinapangwa, zinalishwa kwenye mashine usiku mmoja, na asubuhi karatasi za malipo zinatoka kwa maboksi. Mashine haimuulizi mtu kitu katikati ya kazi. Ikikosa kadi yako, haikujui.

Sasa itazame kazi hiyo kutoka Lundo, ninakoandikia sura hii. Lundo ni kata ya mwambao wa Ziwa Nyasa, leo iko Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Katika miaka ya 1970 mtu wa hapa aliyetaka kufika Dar es Salaam alisubiri meli ya ziwani, au alipanda milima ya Umatengo hadi Mbinga, kisha Songea, na toka Songea hakuwa na lami: ile ya kwenda Makambako ilikamilika miaka ya 1980. Fomu ya mwalimu aliyehamishwa au aliyefariki ilipita njia hiyohiyo. Ilipofika kwa watoboa kadi, mishahara ya mwezi ule, na pengine wa pili wake, ilikuwa imeshalipwa kwa kadi za zamani. Hapo kompyuta ilikuwa haijakosea hata tarakimu moja. Kazi ya mkupuo inataka nchi ambayo taarifa zake zote zinafika kabla ya mkupuo, na nchi hiyo haikuwa Tanzania.

     Turudi kwenye mwaka 1974.

Mwezi Julai mwaka huo, wakati Tanzania inaufunga mlango, jarida moja la kitaaluma la Marekani lilichapisha makala ya Dennis Ritchie na Ken Thompson wa maabara ya Bell Labs. Makala ilieleza Unix, mfumo endeshi waliouanza mwaka 1969 kwenye kompyuta ndogo, PDP-7, iliyokuwa imekaa bila kazi ya maana. Walijigamba kwa jambo moja ambalo waziri yeyote wa fedha angelipenda: mfumo huo uliweza kuendeshwa na mitambo ya dola 40,000. Fedha nyingi, ndiyo, lakini ukilinganisha na meinfremu ni za mfukoni.

Unix ilizaliwa kwa kukimbia ukubwa. Bell Labs walikuwa washirika katika mradi wa Multics, mfumo mkubwa mno kwa mashine kubwa mno, GE-645, na mwaka 1969 wakajitoa. Thompson na wenzake walibaki na hamu ya kile walichokionja humo: mtu kukaa mbele ya mashine na kuzungumza nayo, yeye anaandika na yenyewe inajibu, anakosea na kurekebisha palepale. Wakakijenga upya kwa udogo. Programu fupifupi, kila moja na kazi yake, zikiunganishwa. Faili ni msururu wa baiti tu, bila umbo la lazima. Hakuna aliyefikiria mishahara.

Kwa nini basi mtu akichukue kitu hicho na kukirudisha kwenye jumba lilelile kilikotoroka? Sababu hazikuwa za kipumbavu. Katika chuo kikuu cha Princeton, katikati ya miaka ya 1970, mwanafunzi aitwaye Tom Lyon aliihamishia Unix kwenye System/370 ya IBM kwa sababu mashine iliyokuwepo chuoni ndiyo hiyo. Bell Labs wenyewe walilazimika: walikuwa wanaandika programu za 5ESS, mtambo wa kubadilishia simu ulioanza kazi mwaka 1982, na jeshi la waandishi wa programu lilikuwa limezizidi nguvu kompyuta ndogo. Wakaiweka Unix juu ya mfumo wa IBM uitwao TSS/370. Nayo kampuni ya Amdahl, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Gene Amdahl baada ya kuondoka IBM, ilimwajiri Lyon, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaanza kuuza UTS, Unix ya kwanza ya kibiashara kwa meinfremu. IBM wakafuata na zao: VM/IX, IX/370, AIX/370, AIX/ESA, kila moja ikizikwa na inayofuata. Msururu huo wa majina peke yake unatosha kuonyesha kwamba kuna jambo lilikuwa haliendi.

Jambo la kwanza lilikuwa herufi.

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba, na lazima pawepo mapatano kuhusu namba ipi ni herufi ipi. Unix ilikulia kwenye mapatano ya ASCII ya mwaka 1963, ambamo A ni 65, B ni 66, na kuendelea bila pengo hadi Z, 90. IBM walipotoa System/360 mwaka 1964 walikuja na mapatano yao, EBCDIC, ambamo A ni 193. Namba kutofautiana si tatizo kubwa, ungetafsiri ukamaliza. Tatizo ni kwamba herufi za EBCDIC hazifuatani. A hadi I zinakwenda 193 hadi 201, kisha pengo la namba saba, J hadi R zinaanza 209 hadi 217, kisha pengo la namba nane, S hadi Z zinaanza 226 na kuishia 233.

Mapengo hayo ni alama za kadi. Kwenye kadi ya kutobolewa, herufi iliandikwa kwa matundu mawili: moja kwenye mstari wa kanda, jingine kwenye tarakimu. Kanda ya kwanza ilibeba A hadi I kwa tarakimu 1 hadi 9, ya pili J hadi R, ya tatu S hadi Z kuanzia tarakimu 2. Kadi zilipotoweka, mpangilio wa matundu yake ulibaki ndani ya mashine.

Mwandishi wa programu za Unix, aliyezaliwa ndani ya ASCII, alikuwa na mazoea ambayo hata hakujua ni mazoea. Akitaka kupitia herufi zote, aliiambia mashine ihesabu kutoka A hadi Z. Kwenye ASCII atapata 26. Kwenye EBCDIC anapata 41, na 15 kati ya hizo si herufi. Akitaka kubadili herufi ndogo kuwa kubwa, alitoa 32. Kwenye EBCDIC inatakiwa kuongeza 64. Programu haikukataa kufanya kazi. Ilifanya, ikatoa matokeo yenye uchafu mdogo hapa na pale, na uchafu wa namna hiyo humchosha fundi kuliko programu iliyogoma moja kwa moja.

Hata kupanga majina kulikuwa na kizaazaa chake. Chukua faili tatu: “2019”, “Barua” na “asali”. Unix ya kawaida itazipanga hivyohivyo, kwa kuwa kwenye ASCII tarakimu hutangulia, zikifuatwa na herufi kubwa, kisha ndogo. EBCDIC inazipanga kinyumenyume: asali, Barua, 2019. Hati ya amri iliyotegemea kwamba tarakimu hutangulia ilichukua faili isiyo sahihi bila kulalamika.

Lugha ya C, ambayo Unix iliandikwa upya nayo mwaka 1973, hutumia mabano ya mraba kila mahali. EBCDIC ina matoleo mengi, na matoleo hayo hayakubaliani mabano hayo yakae wapi. Unix ya IBM ilichagua toleo namba 1047, wakati skrini nyingi zilikuwa zimewekwa kwenye namba 037. Hapo mabano ya kufungua yanatokea kama Y yenye mkwaju kichwani, Ý, na ya kufunga yanatokea kama nukta mbili zinazoelea. Programu ni sahihi, mashine inaielewa, ila binadamu anayeisoma anadhani imeharibika. Akiirekebisha ili imtulie machoni, ndipo anaiharibu kweli.

Sisi wa Kiswahili tuna fungu letu katika fujo hiyo. Ukiandika “ng’ombe” kwenye simu ya leo, alama inayofuata ng huwa mara nyingi ile iliyopinda. Alama hiyo haimo katika toleo 1047. Ikifika kwenye faili la namna hiyo hugeuzwa kuwa alama ya “sijui”, na jina la ukoo lenye ng’ linakuwa na tundu katikati. Alama iliyonyooka inapita salama, lakini ukiiandika peke yake kwenye dirisha la amri la Unix, mfumo unadhani umefungua nukuu na unakaa kusubiri uifunge.

Kuna pia kisa cha baiti zenyewe kugeuka. PDP-11, kompyuta ndogo ambayo Unix ilihamia baada ya PDP-7, ilihifadhi namba ya baiti mbili kwa kuanza na ndogo. Mashine za IBM zilianza na kubwa. Mafundi husimulia kwamba Unix ilipohamishiwa kwenye mashine ya namna ya pili na kuwashwa, badala ya kuandika UNIX iliandika NUXI. Aliyekua akicheza kinyume na wenzake mtaani, akigeuza silabi ili wakubwa wasielewe, ameshaelewa kilichotokea.

Herufi ziliudhi, lakini zilikuwa na dawa: unaandika jedwali la kutafsiri, unachunguza programu moja baada ya nyingine, unavumilia. Skrini ndiyo iliyowashinda watu.

Njia rahisi ya kumweleza mtu wa Lundo skrini ya meinfremu ni kumwambia apige *150*00#. Menyu inakuja. Unachagua namba, unabonyeza kutuma, na kuanzia hapo huna la kufanya ila kungoja. Huwezi kuandika kinachofuata wakati mtandao unafikiri. Ukikosea tarakimu katikati ya namba ya wakala, mtambo hauijui mpaka utume, ndipo unakuambia haipo. Hiyo ndiyo 3270, familia ya terminali ambayo IBM waliitoa mwaka 1971. Skrini yake ya kawaida ilikuwa na mistari 24 yenye safu 80, kama kadi. Ulijaza nafasi zilizoachwa wazi, ukabonyeza Enter, kibodi ikajifunga, ukurasa mzima ukaenda kwa mkupuo mmoja. Hadi jibu lirudi, kibodi ilikuwa jiwe.

Unix ilitarajia kitu kingine: kila kinachoguswa na kidole kinafika mara moja, kama ule ujumbe wa WhatsApp kwamba mwenzako anaandika. Kwenye Unix unapobonyeza herufi, herufi haionekani kwa sababu umeibonyeza. Inaonekana kwa sababu kompyuta imeipokea na kukurudishia. Kihariri cha vi, ambacho mafundi wa Unix hawaishi bila hicho, kinageuza kila herufi kuwa amri: j shuka mstari mmoja, x futa herufi moja. Juu ya 3270, unabonyeza j na skrini inaandika j. Mashine kubwa kule haijui kama kuna mtu ameshika kibodi.

Uamuzi wa IBM ulikuwa na akili. Kila herufi inayofika inakatiza kichakataji kazi yake. Kwenye PDP-11 yenye watu kumi si neno. Kwenye meinfremu yenye watu mia tano, ambayo muda wake unalipiwa kwa sekunde, kukatizwa kwa kila kidole cha kila mtu ni wizi mtupu. Mkupuo wa ukurasa mzima ulimruhusu karani wa benki au wa shirika la ndege kufanya kazi pamoja na mamia ya wenzake bila mashine kutoka jasho. Na mimi, kama ningekuwa karani, ningeipenda 3270: inaweka kila kitu mahali pake. Mwenye kuumia alikuwa mwandishi wa programu.

Kibodi yake haikuwa hata na kitufe cha Control cha namna ambayo Unix inakitaka. Mtu wa Unix husimamisha programu iliyomtoroka kwa Control na C, na hutangaza mwisho wa maandishi kwa Control na D. Hapa ilibidi ubuni. Katika Unix ambayo IBM waliiweka ndani ya MVS, mfumo endeshi wao mkuu wa meinfremu, mwaka 1994, uliandika alama ya senti, ¢, kisha C, kisha Enter. Programu inayomwaga maelfu ya mistari inakutazama ukitafuta kitufe cha senti. Na kwenye mfumo mwingine wa IBM uitwao VM, maandishi yakijaza skrini, kona ya chini kulia ilitokea MORE, na kila kitu kikasimama hadi ubonyeze kitufe cha kufuta au muda uliowekwa upite. Mistari uliyoiona haikurudi tena.

Walijaribu kuikwepa shida hii kwa fedha. Amdahl waliandika kihariri maalumu cha 3270. IBM waliweka mbele ya meinfremu kompyuta ndogo, Series/1, kazi yake kuzungumza na terminali za kawaida na kumeza zile herufi moja moja. Maana yake ulinunua mashine ya mamilioni ya dola, ukaiongezea mashine ya pili ili ya kwanza isikie unachobonyeza.

Kulikuwa na tofauti nyingine iliyochelewa kuonekana, na nadhani ndiyo inayosema mengi zaidi kuhusu tabia za Unix na za meinfremu. Unix ya mwanzo ilipokuta jambo isilolitegemea ndani ya kiini chake, ilitangaza panic na kusimama. Kwa watu kumi wanaofahamiana hilo linakubalika. Mmoja anainuka, anaiwasha upya, mwingine anachemsha chai. Meinfremu ilifundishwa kutosimama. Diski ikikosea kusoma, mashine inajaribu tena, inaandika kwenye daftari la makosa, inapendekeza kwa fundi kifaa cha kubadilisha. Unix haikujua hata kuyasoma malalamiko hayo. Ndiyo maana UTS mwanzoni iliendeshwa kama mgeni juu ya VM, mfumo wa IBM unaompa kila mtumiaji mashine ya kufikirika: VM ilishughulika na vyuma, Unix ikabaki kudhani ina kompyuta yake ndogo.

Ndani ya MVS, Unix ilikuwa na gharama nyingine. Unix huzaa michakato, yaani programu zinazoendeshwa, kama dagaa. Amri moja ya mstari mmoja inaweza kuzaa mitano, ikamaliza kazi ndani ya sekunde moja, ikafa. MVS haikuzoea hivyo. Humo, kuanzisha eneo jipya la kumbukumbu kwa ajili ya kazi ni jambo zito, linalopita kwa wasimamizi kadhaa wa ndani, kwa sababu kazi iliyotarajiwa ni ya saa nzima. IBM walilazimika kuweka maeneo yaliyokwisha kuandaliwa, yakikaa tayari kupewa mchakato utakaozaliwa, na kuruhusu programu ndogo zizaliwe ndani ya eneo la mzazi. Ilifanya kazi. Lakini hati ya amri ambayo kwenye kompyuta ya mezani ilikwisha kabla hujameza mate, kwenye mashine ya mamilioni ilikupa muda wa kutafakari.

Halafu wenyeji. Kwenye Unix kuna mtumiaji mmoja mkuu, root, ambaye haulizwi kitu. Kwenye meinfremu ya benki, mtu wa aina hiyo ni ndoto mbaya ya mkaguzi. Anayegawa ruhusa si anayeendesha, anayeendesha si anayeandika programu, na kila mguso umeandikwa. Fundi wa Unix aliyeletwa humo alijaza maombi ili afungue saraka yake mwenyewe. Alilalamika sana. Mimi namwonea huruma kidogo tu, maana mshahara wake ulikuwa unapita kwenye mashine hiyohiyo.

Katikati ya miaka ya 1990 mfumo wa MVS, ukiwa umeitwa OS/390, ulifaulu mitihani na kupewa haki ya kutumia jina UNIX. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na ambayo kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android inayopita mikononi mwa wachuuzi wa usipa hapa Lundo, haikuhangaika na cheti hicho. Kisheria basi, ile mashine ya kadi na ¢ C ni Unix, na simu ya mchuuzi siyo. Wanasheria wameridhika.

Linux ndiyo iliyofanikiwa kwenye meinfremu, na ilifanikiwa kwa kukataa kupatana. Kwanza Linas Vepstas na wenzake walianza kuihamishia huko kwa kujitolea, mwaka 1998; kisha Desemba 1999 IBM wakatoa ya kwao. Hawakuweka EBCDIC. Vyuma vya mashine, ukiacha maagizo machache ya hesabu za desimali, havijali namba ipi ni herufi ipi. Waliojali ni programu zilizorundikwa juu yake kwa miaka 35. Linux ikaingia na ASCII yake, ikaziacha 3270 kwa wenye nazo, ikataka mtandao wa kawaida. Mwaka 2000 David Boyes aliwasha Linux 41,400 kwa pamoja ndani ya meinfremu moja, kila moja ikidhani iko peke yake.

Zilipowekwa kazini, ikaonekana kasoro ambayo hakuna aliyeiwaza. Linux ya siku zile ilijiamsha mara 100 kila sekunde kutazama kama kuna kazi. Kwenye kompyuta ya mezani hilo halimgharimu mtu. Ziweke mia tano zilizolala ndani ya mashine moja, unapata miamsho 50,000 kila sekunde, yote ya kuambiwa hakuna kitu. Kichakataji cha bei ghali kilichoka kwa kazi ya kutofanya kazi, hadi kiini cha Linux kikaandikiwa kiraka cha kuacha kuamka bila kuitwa. Bei nayo ilitafutiwa ujanja: kwa kuwa programu za meinfremu hulipiwa kwa nguvu ya mashine, IBM walianza kuuza vichakataji vya Linux pekee kwa bei ya chini. Chuma ni kilekile. Kimeambiwa tu kikatae kuendesha mfumo wa zamani.

Upande wa pili, ndani ya z/OS, mrithi wa OS/390, EBCDIC ingalipo. Leo vijana wanapeleka humo Python na Git, zana zilizoandikwa na watu ambao hawajawahi kusikia kuhusu 193. Suluhisho la sasa ni kila faili kubandikwa lebo inayosema limeandikwa kwa mapatano gani, kwa amri iitwayo chtag. Ukisahau lebo, faili linatafsiriwa lisipohitaji au linaachwa lilipohitaji. Likipita mikono miwili isiyojuana linaweza kutafsiriwa mara mbili, na herufi zilizotoka humo hakuna jedwali linalozijua. Kwa hiyo fundi anayepokea faili kutoka kwa mwenzake wa chumba cha pili, kabla ya kuulizia lina nini ndani, anauliza kwanza lebo yake.